Kwa Nini South Carolina Ilijitenga na Umoja wa Marekani

Jioni ya tarehe 20 Desemba mwaka 1860, katika mji wa Charleston ulio pwani ya jimbo la South Carolina, wajumbe 169 walikusanyika katika ukumbi mkubwa wakatia sahihi hati moja fupi. Mchana wa siku ile walikuwa wamekwisha piga kura, wala hapakuwa hata mmoja aliyekataa. Hati ile ilitangaza kwamba umoja uliokuwapo kati ya South Carolina na majimbo mengine ya Marekani umevunjika. Kengele zikalia, mizinga ikapigwa, na watu wakajaa njiani wakishangilia. Kabla ya miezi minne kwisha, majimbo mengine sita yalikuwa yamefuata, na vita vilikuwa vimeanza.

South Carolina ilikuwa imekaa katika Muungano ule miaka 72. Iliingia kwa hiari yake, ikatoa viongozi wakubwa wa nchi, ikatajirika ndani yake. Basi kwa nini ilitoka? Swali hili limejibiwa kwa namna nyingi. Wako wasemao kuwa ugomvi ulikuwa juu ya ushuru wa forodha. Wako wasemao kuwa ulikuwa juu ya haki ya kila jimbo kujiamulia mambo yake. Na wako wasemao kuwa ulikuwa juu ya utumwa. Msomaji hana haja ya kumwamini mmoja wao kwa maneno matupu, kwa maana waliojitenga waliandika sababu zao wenyewe, na maandishi hayo yapo mpaka leo. Lakini ili yaeleweke, yafaa kwanza kutazama jinsi umoja wenyewe ulivyofanywa.

UMOJA ULIVYOUNDWA

Makoloni kumi na matatu ya Waingereza yalitangaza uhuru wao mwaka 1776. Kila moja lilikuwa na baraza lake, sheria zake na desturi zake, na lilimwogopa jirani yake karibu sawa na lilivyomwogopa Mfalme aliyekuwa ng'ambo. Mapatano yao ya kwanza yalikuwa dhaifu mno, hata serikali ya umoja haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Ndipo mwaka 1787 wajumbe walipokutana Philadelphia kuandika Katiba mpya.

Katiba ile ilikuwa ni kupeana. Majimbo madogo yaliogopa kumezwa na makubwa. Yakapewa Seneti, ambamo kila jimbo lina wajumbe wawili, likiwa kubwa au dogo. Majimbo makubwa yakapewa Baraza la Wawakilishi, ambamo viti hugawanywa kwa hesabu ya watu. Hapo likazuka swali jingine: je, mtumwa naye ahesabiwe? Majimbo ya Kusini, yaliyokuwa na watumwa wengi, yalitaka wahesabiwe wote. Ya Kaskazini hayakutaka. Mwisho wakakata shauri kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Mtumwa hakuwa na kura wala haki ya raia, lakini kuwapo kwake kulimwongezea bwana wake viti bungeni. Kusini ikapewa pia ahadi kwamba biashara ya kuleta watumwa kutoka ng'ambo haitapigwa marufuku na Serikali ya Umoja kabla ya mwaka 1808, na kwamba mtumwa akitorokea jimbo jingine sharti arudishwe kwa mwenyewe. Neno lenyewe, mtumwa, halikutiwa popote katika Katiba. Walizunguka, wakaandika habari za mtu aliyefungwa katika kazi, na maneno mengine ya jinsi hiyo, kana kwamba walikuwa na haya ya kulitaja jambo walilokuwa wakililinda.

South Carolina ilikubali Katiba hiyo tarehe 23 Mei 1788, ikawa jimbo la nane kufanya hivyo.

Jambo moja Katiba haikulisema kabisa, nalo ni kama jimbo likishaingia laweza kutoka. Fikiri chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Mkulima hujiunga kwa hiari, huleta kahawa yake kiwandani, na hupiga kura katika mkutano wa mwaka. Siku moja aona kamati yaendesha mambo kinyume cha faida yake, akataka kutoka. Lakini kiwanda kilijengwa kwa fedha za wote, deni ni la wote, na akitoka mwenye shamba kubwa waliobaki wataelemewa. Je, mwenye kuamua ni yeye peke yake au ni mkutano mzima? Viongozi wa South Carolina walishika neno la kwanza: jimbo liliingia kwa hiari, na kwa hiari litatoka. Wengine, na Abraham Lincoln alikuwa mmoja wao, walishika la pili: Muungano ni wa watu wote, wala hakuna serikali iandikayo katika sheria zake siku ya kufa kwake.

Wanasheria walibishana juu ya jambo hilo miaka sabini, na pengine wangalibishana sabini mingine bila mtu kuumia. Mabishano ya sheria peke yake hayavunji nchi. Sharti kuwe na mali au hofu nyuma yake. South Carolina ilikuwa na vyote viwili.

PAMBA NA WATU

Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza mashine ya kuchambua pamba. Kabla ya hapo kazi ya kutenga mbegu na nyuzi ilikuwa ya mikono, na mtu alishinda siku nzima kwa pamba kidogo tu. Mashine ilipoenea, kilimo cha pamba kikaenea nacho, kutoka South Carolina na Georgia hata kufika Texas. Viwanda vya Lancashire huko Uingereza, na vya Massachusetts huko Kaskazini, vilinunua kila robota lililopatikana. Mwaka 1790 watumwa wa Marekani walikuwa karibu 700,000. Mwaka 1860 walikaribia 4,000,000. Wakati huo pamba peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote ambazo Marekani iliuza ng'ambo.

Watu wa Afrika ya Mashariki nao walivaa pamba hiyo. Kile kitambaa kigumu ambacho wazee wa pwani na wa bara walikiita amerikani kilifumwa katika viwanda vya Kaskazini, kikaletwa Unguja kwa merikebu, nyingi zikiwa za mji wa Salem katika Massachusetts. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said ulifanywa mwaka 1833. Kutoka Unguja wapagazi walikichukua kitambaa hicho mpaka Unyamwezi na mbali zaidi, na huko kilikuwa kama fedha, cha kununulia pembe na chakula cha safari. Vita ya Marekani ilipozuka, amerikani ikaadimika Unguja, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikashika nafasi yake. Mwenye duka wa Unguja hakuwa na haja ya gazeti kumwambia kwamba kule mbali kuna jambo limeharibika.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1860 South Carolina ilikuwa na watu 703,708. Katika hao, 402,406 walikuwa watumwa, yaani zaidi ya nusu. Wenye watumwa walikuwa 26,701. Kwa hiyo mali ya jimbo lile haikuwa ardhi na majumba tu. Sehemu kubwa ya mali ilikuwa ni watu. Mtumwa aliwekwa rehani, alirithiwa, aliuzwa kulipia deni, alitolewa zawadi bibi arusi alipoondoka kwao. Mtu aliyesema kwamba utumwa ni dhambi alikuwa anasema pia, kwa masikio ya wenye mashamba, kwamba rehani zao zote ni karatasi tupu.

Juu ya mali kulikuwa na hofu. Mwaka 1822 iligunduliwa katika Charleston njama ya watumwa kutaka kuasi, na aliyesemwa kuwa kiongozi wake ni Denmark Vesey, seremala mweusi aliyekuwa amejikomboa kwa fedha alizoshinda katika bahati nasibu. Watu 35 walinyongwa. Baada ya hapo jimbo lilitunga sheria kwamba baharia mweusi yeyote, hata akiwa mtu huru wa Massachusetts au wa Uingereza, merikebu yake ikitia nanga Charleston sharti afungwe gerezani mpaka siku ya kung'oa. Tangu mwaka ule kila neno la kuwaacha huru watumwa, hata likisemwa Boston, lilisikiwa Charleston kama mtu asikiavyo harufu ya moshi usiku.

UGOMVI WA USHURU

Ni kweli kwamba ushuru uliwahi kuleta fitina kubwa. Mwaka 1828 Bunge lilipandisha ushuru wa vitu vilivyotoka ng'ambo ili kuvilinda viwanda vya Kaskazini. Wakulima wa Kusini waliuza pamba yao Liverpool na kununua vyombo vyao huko. Wakaona wanatozwa ili wengine wanenepe. John C. Calhoun, mtu wa South Carolina, ambaye wakati ule ule alikuwa Makamu wa Rais, aliandika kwa siri hoja kwamba jimbo lina haki ya kubatilisha ndani ya mipaka yake sheria ya Umoja isiyoafikiana na Katiba. Mwaka 1832 mkutano wa South Carolina ukazibatilisha sheria za ushuru. Rais Andrew Jackson, naye mwenye watumwa na mzaliwa wa pande zile zile za Carolina, akajibu kwamba kuvunja Muungano kwa silaha ni uhaini. Hapakuwa na jimbo jingine lililoiunga mkono South Carolina. Mwaka 1833 Bunge likapunguza ushuru kidogo kidogo, na South Carolina ikaondoa amri yake. Kila upande ukasema umeshinda.

Yafaa kulikumbuka jambo hili, maana laonyesha tofauti. Ugomvi wa fedha hugawanyika: huyu ataka kumi, yule atoa tano, wanakutana kwenye saba na nusu. Tena ushuru uliokuwapo mwaka 1860 ni ule uliowekwa mwaka 1857, nao ulikuwa mdogo kuliko wa miaka mingi nyuma, na wabunge wa Kusini walikuwa wameukubali. Mtu hatoki nyumbani kwa hasira ya kodi ambayo ameipunguza mwenyewe.

MIZANI INAPOLALIA UPANDE MMOJA

Majimbo ya Kaskazini yaliacha utumwa moja baada ya jingine. Katika Baraza la Wawakilishi hesabu ya watu iliyapa nguvu zaidi kila mwaka, kwa kuwa wahamiaji kutoka Ireland na Ujerumani walimiminika Kaskazini zaidi. Basi Kusini ikaishika Seneti kama ngao yake. Mwaka 1820 jimbo la Missouri lilipokubaliwa kuwa na watumwa, Maine likaingizwa bila watumwa, ili majimbo ya pande mbili yawe sawa, 12 kwa 12. Mizani hiyo ililindwa miaka thelathini. Mwaka 1850 California ikaingia bila utumwa, na ikawa 16 kwa 15. Calhoun, mgonjwa mahututi, hakuweza kusoma hotuba yake ya mwisho; ikasomwa na mjumbe mwenziwe huku yeye ameketi amejifunika. Alisema kwamba kamba zinazofunga Muungano zimeanza kukatika, na kwamba bila mizani kurudishwa Kusini haitakuwa salama ndani yake. Alikufa kabla ya mwezi kwisha. Ilipofika mwaka 1860 ilikuwa 18 kwa 15.

Katika kupatana kwa mwaka 1850 Kusini ilipewa sheria kali ya kuwarudisha watoro. Mtu mweusi aliyekamatwa Kaskazini kwa madai kuwa ni mtoro hakuruhusiwa kujitolea ushahidi. Kamishna aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimpeleka mtu utumwani, na dola 5 akimwachilia. Raia yeyote aliweza kuamriwa kusaidia kumkamata. Watu wengi wa Kaskazini ambao hapo nyuma hawakujishughulisha na utumwa waliona sasa umeletwa mlangoni pao. Majimbo yao yakatunga sheria za kuzuia: magereza ya jimbo yasitumiwe kuwafungia watoro, maofisa wa jimbo wasisaidie. Mahakama kuu ya Wisconsin ilithubutu hata kusema kuwa sheria ile ya Umoja ni batili.

Hapa msomaji aangalie vizuri. Kubatilisha sheria ya Umoja ndani ya mipaka ya jimbo ndilo jambo lile lile ambalo South Carolina ilikuwa imelifanya mwaka 1832. Lakini jimbo jingine lilipolifanya kwa ajili ya mtoro, South Carolina haikusema kwamba kila jimbo lina haki yake. Ililalamika kwamba Serikali ya Umoja haitumii nguvu ya kutosha.

Tarehe 6 Novemba 1860 Abraham Lincoln alichaguliwa Rais. Alipata kura 180 katika 303 za wateuzi, ingawa katika wananchi waliopiga kura alipata kama watu 40 tu katika kila mia. Katika sehemu kubwa ya Kusini karatasi za kura zenye jina lake hazikupatikana kabisa. Huko South Carolina watu hawakumpigia Rais kura hata kidogo. Wateuzi walichaguliwa na baraza la jimbo, desturi ambayo majimbo mengine yalikuwa yamekwisha iacha.

Chama cha Lincoln hakikusema kitaondoa utumwa katika majimbo yaliyokuwa nao. Kilisema utumwa usienezwe katika nchi mpya za magharibi. Basi kwa nini hofu kubwa namna hiyo? Hesabu ya wenye mashamba haikuwa ya wajinga. Waliona kwamba kila jimbo jipya sasa litaingia bila utumwa, na kwamba siku moja majimbo hayo yatakuwa mengi hata kuweza kuibadili Katiba yenyewe. Waliona pia kwamba Rais ndiye achaguaye majaji, maofisa wa forodha na wakuu wa posta hata katika Kusini kwenyewe, na kwamba atapata huko wazungu maskini wasio na watumwa watakaokubali vyeo vyake. Zaidi ya yote, Lincoln alikuwa amepata urais pasipo kuhitaji kura moja ya Kusini. Mtu anapoona kwamba jambo lililo uhai wa mali yake litaamuliwa katika mkutano ambao hatashinda tena kamwe, huanza kutazama mlango.

WALIVYOSEMA WENYEWE

Tarehe 24 Desemba 1860, siku nne baada ya kujitenga, mkutano wa South Carolina ulitoa tamko la sababu zilizowafanya watoke. Mwandishi wake mkuu alikuwa Christopher Memminger. Nusu ya kwanza ni hoja ya sheria: Katiba ni mapatano, na upande mmoja ukiyavunja upande wa pili umefunguliwa. Halafu latajwa kosa lenyewe. Majimbo ya Kaskazini hayarudishi watoro, na tamko layataja kwa majina moja moja. New York hairuhusu hata kupita na mtumwa katika ardhi yake. Majimbo mengine yamewapa watu weusi haki ya raia. Yameruhusu vyama vya kupinga utumwa, yameuita utumwa dhambi, na sasa yameungana kumchagua Rais ambaye mawazo yake ni adui wa utumwa. Katika tamko lote ushuru wa forodha hautajwi hata mara moja.

Haki yataka isemwe kwamba siku ile ile mkutano ulitoa waraka wa pili, kwa majimbo mengine yenye watumwa, nao uliandikwa na Robert Barnwell Rhett, ambaye kwa miaka mingi alitaka jimbo litoke. Huo ulilalamika kwa maneno mengi juu ya kodi, ukaifananisha Kusini na makoloni ya mwaka 1776. Lakini hata waraka huo uliwaita wasomaji wake kwa jina la majimbo yenye watumwa, ukawaalika kufanya umoja mpya wa majimbo ya namna hiyo.

Umoja huo mpya ulifanywa Montgomery, katika Alabama, mwezi wa Februari 1861, na Jefferson Davis akawa Rais wake. Katiba yake ilifuata ile ya zamani karibu neno kwa neno. Safari hii, hata hivyo, neno utumwa liliandikwa waziwazi, na Bunge lao likakatazwa kutunga sheria yoyote ya kudhoofisha haki ya mtu kumiliki watumwa. Kuhusu haki ya jimbo kutoka, ambayo kwa ajili yake walisema wamejitenga, Katiba yao haikuandika neno. Na Alexander Stephens, Makamu wa Rais wao, alisimama Savannah mwezi wa Machi akasema mbele ya watu kwamba msingi wa serikali mpya ni itikadi kuwa mtu mweusi si sawa na mzungu, na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili. Baada ya kushindwa vitani, Stephens na Davis waliandika vitabu vikubwa kueleza kwamba ugomvi ulikuwa juu ya Katiba. Mtu aweza kuchagua ni maneno gani ya kuyaamini, yale yaliyosemwa wakati wa kutumaini kushinda au yale yaliyosemwa baadaye.

NANI ALIULIZWA?

Si kila kutoka katika umoja huwa na sura hiyo. Norway ilikuwa imefungwa pamoja na Sweden chini ya mfalme mmoja tangu mwaka 1814. Mwaka 1905 iligombana nayo juu ya haki ya kuwa na makonseli wake yenyewe ng'ambo, ikatoka bila vita. Kabla ya mambo kwisha, wananchi waliitwa kupiga kura: 368,208 walitaka kutoka na 184 walikataa. Wanawake, ambao hawakuwa na haki ya kura wakati ule, walikusanya sahihi zaidi ya 240,000 kuonyesha kuwa nao wamo.

South Carolina ilisema imetoka kwa sauti moja, 169 kwa sifuri. Lakini wengi wa wajumbe wale walikuwa wenye watumwa, na watu 402,406 waliokuwa ndiyo sababu ya mkutano hawakuulizwa. Jimbo lenye kudai haki ya kujiamulia lilikuwa limewatoa zaidi ya nusu ya watu wake katika neno lenyewe, jimbo. Hata katika wazungu wa Kusini mioyo haikuwa mmoja. Majimbo manne yenye watumwa, Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri, yalibaki katika Muungano. Virginia ilipotoka, watu wa milima yake ya magharibi, ambao watumwa kwao walikuwa wachache, walikataa kutoka nayo. Mwaka 1863 wakawa jimbo lao wenyewe, West Virginia. Waliofundisha kwamba kila sehemu yaweza kujitenga hawakupendezwa kuona somo lao limefuatwa.

Vita vilianza katika bandari ya Charleston, alfajiri ya tarehe 12 Aprili 1861, mizinga ya Kusini ilipoanza kuipiga ngome ya Sumter, iliyokuwa na askari wa Serikali ya Umoja. Vikadumu miaka minne na kuua watu zaidi ya 600,000. Lincoln alianza kwa kusema kwamba apigania Muungano tu. Tarehe 1 Januari 1863 akatangaza kuwa huru watumwa wa sehemu zilizoasi, na Desemba 1865 utumwa ukafutwa na Katiba katika nchi nzima.

Wale ambao hawakuulizwa hawakungoja yote hayo. Katika bandari ile ile ya Charleston alikuwako mtumwa aitwaye Robert Smalls, kijana wa miaka 23, aliyekuwa akiongoza merikebu ya moshi iitwayo Planter, iliyochukua mizinga na baruti za jeshi la Kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862 nahodha na maofisa wazungu walishuka kwenda kulala mjini. Smalls na wenzake wakawasha moto wa mitambo, wakawapakia wake zao na watoto wao, wakang'oa nanga. Smalls alivaa kofia ya nahodha, akasimama mahali ambapo nahodha husimama. Walipofika chini ya mizinga ya Sumter, ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa Kusini, alipiga honi ya ishara kama ilivyo desturi, na walinzi wakamruhusu kupita. Alipotoka nje ya bandari akashusha bendera, akatweka shuka nyeupe, akaikabidhi merikebu pamoja na mizinga yake kwa manowari za Umoja.

Mwaka 1869 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la jimbo la Texas, ilihukumu kwamba Muungano hauwezi kuvunjwa na jimbo moja kwa shauri lake peke yake. Huko Charleston jambo lilikuwa limekwisha andikwa mwaka mmoja kabla. Mwezi wa Januari 1868 wajumbe walikutana katika mji ule kuliandikia jimbo Katiba mpya, na safari hii wengi wao walikuwa watu weusi, baadhi yao waliowahi kuuzwa na kununuliwa. Robert Smalls alikuwa mmoja wao. Katika sehemu ya kwanza ya Katiba yao waliandika kwamba South Carolina itabaki daima katika Muungano wa Marekani, na kwamba jaribio lolote la kuuvunja, kwa kisingizio chochote, litapingwa kwa nguvu zote za jimbo.